Kila Ba Iwe Wa

Nilipotangaza hapa mjini Baraka kwamba shule ya jioni ya kompyuta imenifundisha lugha rasmi, ukoo mzima, mpaka mbuzi, waliamini sasa nitaongea na serikali. Wapi! Lugha rasmi za darasani kwetu ni mistari ya herufi tu. Unapewa kanuni: ukikuta herufi hizi, weka zile, rudia mpaka pasibaki cha kubadilisha. Maana haiulizwi.

Basi baba alipofariki, baba mudogo akaniwekea kompyuta magotini katikati ya matanga.

"Andika maneno ya kusoma kwa kaburi. Lakini Kiswahili ya Kigoma, bandugu ba ng'ambo ya ziwa basituchekee. Pasta iko anangoja."

Sikuwa nimelia. Tangu asubuhi mtu akisema pole, mdomo wangu unatoa asante, kama mashine. Nikaandika kwa Kiswahili chetu, kinachosema ba pale Kigoma wanaposema wa: "Baba yetu alizaliwa Baraka, akaacha batoto na bajukuu." Halafu mimi, bingwa wa Fizi nzima, nikaiamuru kompyuta: kila ba iwe wa.

Shangazi akasoma kwa sauti, nyuma ya bega langu. "Wawa yetu alizaliwa Waraka, akaacha watoto na wajukuu." Akanishika bega. "Wawa ni nani? Leo tunazika nani?"

Kicheko cha bamama waliokuwa wakimenya mihogo kilisikika mpaka Kazimia.

Nikaweka kanuni ya kurudisha: kila wa iwe ba. Baba akarudi, batoto wakarudi, lakini sasa "alizaliba." Nikabonyeza ile ya kwanza. Kuzaliwa kukapona, baba akawa wawa. Nikabonyeza. Baba. Wawa. Baba. Mwalimu alituambia kanuni mbili zikifukuzana hivyo, kazi haifiki mwisho. Na isipofika, nikawaza, hatuendi kaburini. Nikaendelea kubonyeza. Sikusikia uchungu wala nini, vidole tu.

"Mutoto ya kaka yangu, uko unafanya nini?"

"Niko nangoja isimame, shangazi."

"Si we ndiye unabonyeza?"

"Bandugu ba Kigoma batacheka," baba mudogo akasema.

"Bacheke!" shangazi akamjibu. "Banakuja kulia ao kusahihisha?"

Nikafuta kanuni zote mbili. Nikaandika upya kwa kidole kimoja, herufi moja moja, baba, na batoto nikawaacha batoto. Baba mudogo akaibeba kompyuta kwa pasta. Joto lake likabaki kidogo magotini, nikalisikia likiisha. Watu wakaanza kuinuka kwenda kaburini.