Tofali Lenye Dole Gumba

Fundi aliyekuwa akitengeneza upya stesheni ya Kindu hakushika mwiko kabla ya kuugonga ukuta kwa kidole, akitega sikio kama mtu aliyebisha hodi. Tofali bovu alilijua kwa sauti. Siku moja, akiambua lipu ya zamani katika chumba cha Wazungu cha kungojea treni, mkono wake ukasimama. Tofali moja lilikuwa na alama ya dole gumba lenye kovu la panga: dole la marehemu baba yake, aliyefyatua matofali yale.

“Toa ile, iko na shimo,” msimamizi akasema.

“Hapana, bwana. Ile njo inashika ukuta.”

Akalifunika kwa lipu, taratibu. Chumba kile baba yake hakuruhusiwa hata kuchungulia. Sasa hakuna wa kumtoa.