Kiuno Kilichosomwa kwa Sauti

Fundi wangu wa nguo hapa Machakos mjini huweka vipimo vya wateja kwenye kompyuta iliyo chini ya meza, anayoiita seva. Wiki hii ameiunganisha na msaidizi wa akili bandia anayeongea kupitia simu.

"Nishonee kama ile ya Krismasi," mama mmoja alimwambia. "Vipimo ni vile vile."

Fundi akaiambia simu ivisome. Nayo, kwa heshima zote, ikatutangazia sote tuliokaa benchini: "Kiuno cha mteja huyu kimeongezeka kila anapokuja. Niongeze tena?"

Mama akaikaza leso kiunoni. "Aiya! Fundi, hiyo kitu umeiachia ifungue vipimo vya kila mtu?"

"Ndio iweze kusaidia, mama."

"Na mdomo wake nani anafunga?"

Fundi akakohoa, akamzungushia tepu mwenyewe, akaifunika namba kwa kidole gumba kama anavyotufanyia siku zote. Mashine imepewa vipimo vyetu vyote, jamani, lakini hakuna aliyeipa kidole gumba.

Zamu yangu ilipofika nilimwomba azime simu kwanza. Kisha nikavuta tumbo ndani.