Siku Mama Alipotoa Ushuhuda Mahakamani

Katika mahakama ile ya Buffalo, Marekani, hakimu humpigia makofi mshtakiwa. Nilimwona akimpigia mdogo wangu, na ukumbi mzima ukafuata.

Ni mahakama ya wanajeshi wa zamani walionaswa na ulevi, dawa za kulevya au maradhi ya akili. Sisi tulikulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, tukaletwa Louisville, na huko ndiko mdogo wangu alikojiunga na jeshi. Aliporudi kutoka jeshini, usingizi ukawa hauji bila vidonge vya mtaani. Tulipohamia Buffalo akakamatwa navyo. Akimaliza mpango wa mahakama, kesi inafutwa. Akishindwa, ni jela.

Kila alipoitwa, alipimwa mkojo, kisha akaketi na mzee mmoja wa Lackawanna, mji jirani, mwanajeshi wa zamani aliyepewa kazi ya kumsimamia.

Siku ya makofi, Mama alikuwepo. Kanisani kwetu watu wakipiga makofi namna ile, mtu ametoka kuombewa, na jamaa yake husimama kushuhudia. Akasimama.

"Bwana asifiwe! Mheshimiwa, mwanangu amepona! Tumemwombea, na zile dawa za daktari nilizimwaga chooni wiki kadhaa zilizopita. Za nini tena?"

Hakimu akaniuliza anasema nini.

"Dada, sema anashukuru tu," mdogo wangu akaninong'oneza.

Nilitafsiri yote. Dawa za daktari, zilizomsaidia kulala, zilikuwa sharti la mahakama. Kuziacha kimya kimya kungemmaliza.

"Ulijua?" hakimu akamuuliza mdogo wangu.

"Nilijua, Mheshimiwa. Nilishindwa kumkatalia Mama."

Akaamriwa aende kwa daktari siku hiyohiyo, pamoja na mzee wake.

"Mama huyu angekuwa sajini wangu," mzee alisema tulipotoka, "hata mimi nisingemkatalia."

Mama alicheka nilipomtafsiria, kisha akanigeukia. "Sasa kama hajapona, walikuwa wanapiga makofi ya nini?"

"Kwa sababu amekuja, Mama."

"Basi hayo hata mimi napiga."

Tangu hapo Mama mwenyewe humpa kidonge mkononi, na kikombe cha maji, na kumwombea akimeza. Shangazi alipopiga simu kutoka Columbus kusema tumepungukiwa imani, Mama alimjibu, "Wifi, njoo basi umlaze wewe." Mdogo wangu analala. Asubuhi anaamka mwenyewe kwenda kiwandani Tonawanda.

Jumanne tunarudi mahakamani. Hakimu bado hajasema kama zile wiki alizokaa bila dawa atazisamehe, au mdogo wangu ataanza mpango upya.