Mgebuka wa Upande wa Kushoto

Veneranda wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, alikuwa mkarimu, ila ukarimu wake ulipenda kushukuriwa. Mwaka ule Warundi walipovuka kwa wingi kukimbia vita, alimchukua Esther, binti aliyefika na jeraha kisogoni, akampa mkeka na kazi ya kuanika dagaa.

Jeraha likapona, vituko vikaanza. Esther aligeuza dagaa wa kulia, wa kushoto akawaacha mpaka wakaharibika. Watu walimnyooshea mkono, akawapita. Wanawake wa mwaloni wakasema ana kiburi. Veneranda alimtetea, huku akinung'unika.

Jumapili moja akakaanga mgebuka, samaki wa heshima wa ziwa letu, akamwekea Esther kipande kinono kwenye sahani, kushoto kwa ugali. Esther akala ugali na mboga, akanawa, akashukuru. Samaki hakuguswa. Sasa, kwa watu wa huku, kuacha kitoweo ulichotengewa na mwenye nyumba kuna maana moja: unaogopa sumu.

"Umeniona murozi, wa kulisha watu sumu, mimi?" Veneranda aliuliza.

Esther akabaki kumtumbulia macho, na macho yale makubwa, mazima, yakazidi kumchoma mwenzake. Veneranda akautupa mkeka nje. Kesho yake binti akapanda lori la kwenda kambini.

Polycarp, tabibu aliyehamia kikazi kutoka Moshi, ndiye aliyemfunga Esther jeraha. Alipokuja kununua dagaa akauliza hali ya binti, Veneranda akamwaga nyongo yote.

"Macho yake hayana kosa, mama," tabibu akasema. "Kuona kwenyewe hufanywa na ubongo, huku kisogoni. Ukiumia upande wa kulia, nusu ya kushoto hupotea, kwa macho yote mawili. Wala haoni giza pale. Haoni kitu, na pengine hajui kwamba haoni. Ungemzungushia sahani tu."

Ungemzungushia sahani tu! Maneno hayo yalimnyima usingizi. Nafsi ilimsuta hata kanisani. Alijiona mwovu, na sitamtetea.

Akafunga safari hadi kambini, Kasulu. Alimkuta Esther akichambua maharage, kichwa amekigeuzia kushoto, mbinu aliyojifunza mwenyewe kwa kujikwaa. Veneranda akapiga magoti, akamweleza habari ya sahani, akaomba msamaha huku analia.

Esther akaacha maharage.

"Kumbe alikuwa wangu," akasema. "Harufu niliisikia, mama. Nikajiambia, mkimbizi hapewi mgebuka."