Ulimi wa Fundi wa Redio

Fundi wa redio wa soko la Merkato hupima betri kwa ncha ya ulimi. Hulamba, hufumba jicho moja, kisha hutoa hukumu: "Hii bado inapumua," au, "Hii kaizikeni." Juzi alichomoa koili za mota ya gari la kuchezea, akaziunga na transista na betri iliyochoka, ili kila transista inapokata umeme koili zirushe volti nyingi kuliko za betri na taa iwake. Taa haikuwaka. Niligusa nyaya za kutokea. Mshtuko ukanipanda hadi mabega yakatikisika kama ya mcheza ngoma. "Oneni, msomi anacheza eskista!" Fundi akacheka, akainama, akazilamba kabla sijamzuia. Ulimi ukarukaruka wenyewe kati ya nyaya, uso wake umetulia. "Hamna kitu," akasema. Nilidhani ni mzaha, maana mimi hukosea mara nyingi kuwasoma watu, nikasubiri acheke. Hakucheka. Alinitazama mkono niliokuwa bado nausugua, akazilamba tena, taratibu. Kisha akamgeukia Etagegn, muuza kahawa, aliyekuwa ametoka kutia chumvi vikombeni, kama ilivyo desturi ya kwetu, mbele yetu sote. "We Etagegn," akauliza kwa sauti ndogo, "kwani siku hizi kahawa yangu huitii chumvi?"