Udongo wa Chini ya Ulanzi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Mbeya, nilikwenda na sketi ya kanisani na viatu vya kisigino. Mkuu wa Maabara akanitazama toka juu mpaka chini, kisha akanikabidhi ndoo ya udongo. "Binti, hapa hatuchezei tope. Kijiko kimoja cha huu kina wenyeji wengi kuliko mji mzima. Kazi yako ni kuwahesabu." Wenyeji wenyewe ni bakteria, wadudu wasioonekana kwa macho, wanaoozesha majani na kuyageuza chakula cha mimea. Nilidhani ananitania. Nimewahesabu hadi mgongo ukapinda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachota udongo kwa bomba la chuma, unauchanganya na maji safi, unauzimua mara kadhaa, kisha unadondosha tone kwenye kisahani chenye jeli. Kisahani kinawekwa kwenye kabati la joto. Ukikitoa, kila bakteria amekwisha kuzaa ukoo mzima, doa linaloonekana, nawe unahesabu madoa. Macho yangu yaliishia humo.

Baadaye nikahamishiwa Iringa, chini ya Mkuu wa Idara, msomi mpole asiye na makuu. Alitaka kujua uvunaji wa mianzi unaufanya nini udongo. Tukaenda karibu na Igowole kwa Mzee Kikoti, ambaye mianzi yake ndiyo iliyowaweka wanawe wawili nyumbani. Masika machipukizi ya mianzi hukatwa ncha na kufungiwa mbeta, chombo cha mwanzi, na maji matamu yanayodondoka humo ndiyo ulanzi. Mgema hupita asubuhi na jioni kukata ncha upya. Lakini chipukizi lililogemwa halikui tena kuwa mwanzi. Kwa hiyo Mzee Kikoti katika kila kichaka aliacha machipukizi machache bila kuyagusa. "Haya hatuyanywi," aliwaambia wanawe. "Haya ndiyo yatakayobaki."

Tulichota udongo chini ya machipukizi yaliyogemwa, na mwingine chini ya yale yaliyoachwa. Visahani vya kwenye ugemaji vikajaa madoa mpaka hayahesabiki. Mkuu wa Idara akafurahi sana. Katika mkutano wa kijiji akatangaza kwamba kugema hakuuchoshi udongo, kunaulisha. Wana wa Mzee Kikoti walipiga makofi kuliko wote. Msimu uliofuata wakagema kila chipukizi, na baba yao alipowakataza wakamjibu, "Baba, mtaalamu si amesema mwenyewe!"

Tuliporudi miaka kadhaa baadaye, kiangazi, sikupatambua. Mianzi mizee ilikuwa imekauka na kuanguka, mipya hakuna. Majani ya kufunika ardhi nayo hakuna, na mvua ilikuwa imeuchapa udongo mpaka bomba likagoma kuingia. Visahani vya safari hiyo vilitoka karibu vitupu. Mkuu wa Idara aliviangalia kimoja kimoja.

"Mama Neema," akaniuliza, "mbeta huwa zinavuja?"

"Zinavuja, bosi. Na wanaoonja humo humo mianzini wanamwaga pia."

Akavuta kiti, akakaa. "Basi ule ulikuwa utamu wa ulanzi tu. Tulihesabu bakteria waliokuja kunywa, tukawaita wenyeji."

Sijapata kumwona mtu amechoka vile. Hakujificha, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alirudi kijijini, akasimama mbele ya watu wale wale, akasema alikosea. Mzee Kikoti akamjibu bila hasira, "Tumekusikia, mtaalamu. Ila wanangu hawapo wakusikie. Mianzi ilipokwisha walikwenda Ubaruku, wanalima mpunga wa watu."

Sasa nimestaafu, nakaa Kihesa, magoti yananisema kila nikipanda kilima. Vijana wa maabara hunipigia kuniuliza kama mashine mpya, zinazotambua bakteria bila kisahani, ni za kuaminika. Nawaambia mashine sizijui, waulize kwanza udongo umechotwa wapi na msimu gani. Jibu hilo linawachosha. Hata mimi linanichosha, nimelirudia mno.

Udongo wa mwisho kuupima kabla sijaaga kazi ulikuwa wa Mzee Kikoti. Alikuwa amepanda mianzi upya, peke yake, kwa vipande vya mizizi alivyoomba kwa majirani. Hakugema hata chipukizi moja, na majani yalipoanguka aliyaacha yaoze. Niliuchota kiangazi, ulanzi haupo, na bado visahani vikajaa madoa ya kila rangi. Nilifurahi kama msichana, nikampigia simu pale pale, nikamsalimu kwa lugha yake.

"Kamwene, baba! Udongo wako umerudi!"

Akanishukuru sana. Kisha akaniuliza:

"Mwanangu, na ninyi mnaopitapita Ubaruku kuchota udongo, wale wanangu hamjawaona?"

Nikamwambia hatujawaona.