Kopo la Unga wa Manjano

Kifaranga wa kwanza alitoka na vidole vimekunjika kama ngumi. Mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Pumba kwa vumbi la chakula cha kuku lisilobanduka kwenye nguo zake, alivinyoosha kwa ukucha. Vikajikunja tena. Wa pili naye vilevile. Mayai tisa hayakupasuka. Alipoyavunja, alikuta vifaranga waliokamilika, wamekufa.

Ilikuwa mara ya tatu tangu amzike mkewe. Kuku hao walikuwa mbegu ya marehemu, aliyoichagua kwa miaka ishirini kuanzia tembe mmoja. Hakuacha mtoto. Aliacha kuku.

Shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, mwenye duka la vyakula vya mifugo, alikuja kuwatazama vifaranga.

"Shemeji, hawa wamekula yamini wasitembee?"

Mzee hakucheka.

"Kosa si lao," shemeji aliendelea. "Kifaranga hujengwa ndani ya yai, na yai hujengwa na anachokula mama. Mahindi na pumba vinashibisha tu. Ule unga wa vitamini aliokuwa anachanganya dada, unawapa?"

"Nawapa."

"Kila siku?"

"Nimesema nawapa."

"Basi ni damu mbovu. Jumamosi naleta matenga, kuku wote waende kwa muuza nyama."

"Sawa," alisema mzee.

Kopo la vitamini lilikuwa stoo, juu ya rafu. Unga wa manjano ulikuwa umeshikana kwa unyevu, na katikati yake palikuwa na shimo la vidole vinne. Hapo ndipo mkewe alipochota asubuhi ile aliyoanguka. Mwaka mzima mzee alifunua, akatazama, akafunika. Siku nyingine shimo lilionekana limeongezeka kina. Akiwa anapepeta pumba, mchana kweupe, alisikia mchakacho wa kuchota nyuma yake. "Taratibu, utamwaga," alisema bila kugeuka, maana kila alipogeuka alikuta stoo tupu.

Jumamosi shemeji alimkamata kuku wa kwanza, mabawa yakapiga kelele. Mzee alishika mdomo wa tenga.

"Nilikudanganya. Sijawapa hata chembe."

"Kwa nini?"

Alimpeleka stoo, akafunua kopo. Shemeji alitazama. Alisogeza vidole vyake karibu na shimo, akavirudisha haraka kama aliyegusa chungu cha moto.

"Na dukani kwangu umepita kila wiki! Hukuweza kuchukua jingine?"

"Kuleta kopo jingine niliona kama kuoa."

Shemeji alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaguna. "Mficha uchi hazai, shemeji. Umewanyima walio hai ukamlisha marehemu. Huu umeshapoteza nguvu, uache ulivyo. Leo utaoa, utake usitake."

Alirudi na kopo jipya. Mzee alizamisha vidole vinne, akachanganya kwenye pumba. Nyuma yake mchakacho ulisikika, kisha ukakoma. Kuku walikula.

Wiki tatu baadaye aliatamisha mayai kumi na mawili, na baada ya siku ishirini na moja yakapasuka kumi. Alimweka mmoja kiganjani. Kifaranga alisimama, akakanyaga, vidole vimetandazwa, kucha zikimchoma ngozi. Mzee alibaki amechuchumaa hivyo mpaka mama kuku akamdonoa kifundo cha mkono amrudishie mwanawe.